Utayari wa Serikali za Mitaa kwa Akili Unde Zalishi

Utayari wa serikali za mitaa kwa akili unde zalishi ni kiwango ambacho halmashauri, manispaa, jiji au kaunti imefikia katika kuwa na kumbukumbu, watumishi, miundombinu, sheria na taratibu za uwajibikaji zinazoiwezesha kuitumia teknolojia hiyo bila kuwadhuru wananchi inaowahudumia. Akili unde, ambayo pia huitwa akili mnemba, ni uwezo wa kompyuta kufanya kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya binadamu, na ile iitwayo zalishi hutunga maandishi, picha au sauti mpya kwa kufuata ruwaza ilizojifunza katika hazina kubwa ya matini. Kiini cha mifumo ya maandishi ni modeli kubwa ya lugha, yaani programu inayokadiria neno gani linaelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Kwa sababu hiyo modeli huandika kwa ufasaha uleule inapopatia na inapokosea, na afisa anayesoma jibu lake haoni alama yoyote ya kumwonya. Hatari nyingi zinazoelezwa katika makala hii zinatokana na sifa hiyo.

Mjadala kuhusu utayari huo ulipata nguvu baada ya ChatGPT kutolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Mwezi Aprili 2023 jiji la Yokosuka nchini Japani lilianza kuwaruhusu watumishi wake, wapatao 4,000, kuitumia kwa majaribio katika kufupisha nyaraka na kuandaa rasimu za barua, chini ya masharti yaliyokataza kuingiza taarifa za siri na za watu binafsi. Nchini Brazil, baraza la jiji la Porto Alegre lilipitisha mwaka huohuo sheria ndogo kuhusu mita za maji zilizoibwa, na wajumbe walikuja kufahamu baadaye, kwa kauli ya mwenzao Ramiro Rosário aliyeiwasilisha, kwamba maandishi yake yalitungwa na ChatGPT. Jiji la New York lilizindua Oktoba 2023 mfumo wa kujibu maswali ya wafanyabiashara, na uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa Machi 2024 ukaonyesha kwamba mfumo huo uliwaambia waajiri kuwa wanaweza kuchukua sehemu ya bahashishi za wafanyakazi wao, jambo ambalo sheria inalikataza.

Mfano wenye mafunzo makubwa zaidi ni wa mji mdogo wa Mitoyo, katika mkoa wa Kagawa nchini Japani. Mji huo, kwa kushirikiana na maabara ya Chuo Kikuu cha Tokyo, ulianza katikati ya mwaka 2023 kujaribu mfumo wa kuwajibu wakazi kuhusu utenganishaji wa taka, kazi inayoonekana nyepesi ingawa ina kanuni nyingi zinazotofautiana kati ya mji na mji. Kabla ya kuuingiza katika matumizi ya kudumu, uongozi uliweka sharti kwamba majibu sahihi yafikie asilimia 99; matokeo yalipoishia asilimia 94.1, mji uliamua Desemba 2023 kutouendeleza mradi. Wengine waliuona uamuzi huo kama kushindwa, lakini kwa kipimo cha utayari Mitoyo inastahili kuwekwa mbele ya majiji mengi makubwa, kwani ilijua inachokitafuta, ilikipima, na ikawa na ujasiri wa kusitisha.

Watafiti wa utayari wa taasisi hutumia mara nyingi mkabala wa Tornatzky na Fleischer wa mwaka 1990, unaotazama pande tatu: teknolojia yenyewe, taasisi inayoipokea, na mazingira ya nje kama sheria na soko. Mkabala huo unafaa, ila haukubuniwa kwa ajili ya serikali za mitaa. Vipimo vinavyolinganisha mataifa navyo husema machache kuhusu ofisi ya kata, kwa sababu nchi inaweza kuwa na mkakati mzuri makao makuu huku mtendaji wa kijiji akiandika kila kitu kwa kalamu.

Hali ya Tanzania Bara inaonyesha jambo hilo kwa uwazi. Mamlaka za serikali za mitaa, zilizofutwa katika utaratibu wa madaraka mikoani wa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, zimepiga hatua kubwa katika mifumo ya fedha: hesabu za vituo vya afya na shule hutunzwa katika mfumo wa FFARS, mipango na bajeti huandaliwa katika PlanRep, na mwananchi huweza kuomba leseni ya biashara na kulipia kupitia TAUSI. Mifumo hii imezoesha watumishi kazi za kidijitali, lakini takwimu zake ni namba na vifungu vya bajeti, ilhali akili unde zalishi hula maneno. Maneno ya serikali ya mtaa yamo katika mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, katika maamuzi ya Baraza la Madiwani, katika sheria ndogo na katika barua za malalamiko. Na sehemu kubwa ya hazina hiyo, hasa ngazi ya kijiji na mtaa, imelala katika madaftari na majalada ya masijala. Mfumo ambao haujaiona sheria ndogo ya ushuru wa mazao ya halmashauri husika utaulizwa kiwango chake na kutaja kingine kinachosikika kuwa cha kweli, na mkulima aliyefika kwenye kizuizi cha ushuru na mzigo wake ndiye atakayelipa gharama ya kosa hilo.

Lugha ni upande mwingine wa suala hilohilo. Kiswahili ndicho lugha ya vikao vya halmashauri nchini Tanzania, jambo linalozipa halmashauri hizo faida ambayo serikali nyingi za mitaa barani Afrika hazina, kwa kuwa lugha ya kumbukumbu na lugha ya wananchi ni moja. Hata hivyo modeli nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, na hukata maneno katika vipande vidogo kabla ya kuyachakata. Neno kama «hatukuwaandikisha», linalobeba sentensi nzima ndani yake, hukatwa vipande vingi, na kwa kuwa huduma hizi hutozwa kwa idadi ya vipande, maandishi ya Kiswahili huelekea kugharimu zaidi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Zaidi ya gharama, kuna msamiati wa kiutawala kama «mapato ya ndani», «hati safi» na «fursa na vikwazo», ambao maana yake ya kiofisi modeli ya jumla inaweza kuikosa.

Kwa upande wa sheria, msingi upo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaziweka taasisi za umma chini ya viwango na usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao katika miradi ya TEHAMA, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Afisa maendeleo ya jamii anayebandika orodha ya waombaji wa mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika huduma iliyo kwenye kompyuta za ng'ambo, ili impangie majina tu, anaweza kuwa amekiuka masharti hayo bila kujua. Hivyo mafunzo ya watumishi wa ngazi hiyo yana uzito zaidi kuliko ununuzi wa vifaa.

Nchini Kenya, ambako serikali 47 za kaunti zilianza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, mkakati wa taifa wa akili mnemba wa 2025–2030 ulizinduliwa Machi 2025, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine pekee. Jaribio gumu zaidi kwa kaunti litakuwa ushirikishwaji wa umma, ambao ibara ya 196 ya Katiba inaulazimisha kwa mabunge ya kaunti. Maoni ya wananchi kuhusu mswada wa fedha yanaweza kufupishwa kwa dakika chache, lakini ufupisho huo huelekea kubakiza yale yaliyosemwa na wengi na kulipoteza lalamiko la mfugaji mmoja kuhusu kisima kimoja, ambalo kikao kiliitishwa ili lisikike.

Hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo wa halmashauri au kaunti yoyote leo ni kuzichapa sheria ndogo na mihtasari yake, kuzihakiki na kuzihifadhi kwa mpangilio, kisha kuanza na kazi za ndani ambazo rasimu zake husomwa na afisa kabla ya kutoka. Wajibu wa kisheria hauhami kwa kutumia modeli: muhtasari wa mkutano wa kijiji, uwe umeandikwa kwa kalamu au kwa mashine, huthibitishwa kwa saini za mwenyekiti na mtendaji, na hao ndio wanaoulizwa mkutano unaofuata.