Muirfield Village na Swali la Uwanja Bora wa Gofu

Mwaka 1966 mambo matatu yalitokea katika gofu ya Marekani, na yote matatu yaliathiri namna watu walivyohukumu viwanja vya mchezo huo kwa miongo iliyofuata. Jarida la Golf Digest lilichapisha orodha yake ya kwanza ya viwanja, nayo haikuwa orodha ya viwanja bora bali ya viwanja 200 vilivyo vigumu kuliko vyote nchini. Mashindano ya Masters, yanayochezwa katika klabu ya Augusta National jimboni Georgia, yalionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya rangi. Na Jack Nicklaus, kijana wa miaka 26 mzaliwa wa Columbus, Ohio, alishinda Masters hayo, akashinda pia British Open huko Muirfield, Uskoti, akaanza kuwaza kujenga karibu na kwao uwanja wenye hadhi ya Augusta. Uwanja huo, uliopewa jina la Muirfield Village, ulizinduliwa Mei 27, 1974 katika mji wa Dublin, Ohio. Mwaka 1966 peke yake ulizaa vipimo viwili vilivyokuja kutawala, ugumu na uzuri wa macho, pamoja na wazo la uwanja ambao ungepimwa kwavyo. Hoja yangu ni kwamba vipimo vyote viwili ni vya pembeni. Ubora wa uwanja wa gofu umo katika uamuzi unaomdai mchezaji, awe bingwa au mwanagenzi, na Muirfield Village, kwa mazuri yake na kwa mapungufu yake, unalithibitisha hilo.

Tuanzie kwenye asili. Gofu ilikulia kwenye mchanga wa pwani ya Uskoti, mahali ambapo upepo, matuta na nyasi zilizofupishwa na kondoo vilitengeneza uwanja pasipo mkono wa msanifu. Ndani ya bara hali ilikuwa tofauti. Udongo ulikuwa mzito, maji yalituama, na nyasi zilirefuka kiasi cha kumeza mpira. Mashine ya kukata nyasi, aliyoibuni Edwin Budding huko Gloucestershire mwaka 1830, ndiyo iliyowezesha mchezo kuingia kwenye mashamba ya miti na bustani za matajiri. Viwanja vingi vya mwanzo vya bara vilikuwa duni: mitaro iliyonyooka, kuta za udongo zilizokatiza njia, kila shimo likifanana na jirani yake. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wasanifu kama Willie Park mdogo, aliyetengeneza uwanja wa Sunningdale mwaka 1901, walipoonyesha kwamba hata mbali na bahari uwanja unaweza kuwa na uhai. Mchanga wa pwani na upepo wake havihamishiki. Walichoweza kuhamisha ni uhuru wa mchezaji kuchagua njia yake na wajibu wake wa kubeba matokeo ya uchaguzi huo.

Aliyelieleza jambo hili kwa uwazi kuliko wengi ni Alister MacKenzie, daktari aliyekuwa ametumikia jeshi la Uingereza kama mpasuaji katika Vita vya Makaburu. Huko alivutiwa na ustadi wa Makaburu wa kujificha katika mazingira, ujuzi alioutumia baadaye kuficha kazi ya mikono yake viwanjani. Katika kitabu chake cha mwaka 1920 aliorodhesha kanuni 13 za uwanja mzuri. Mojawapo inasema pawe na njia mbadala kwa mchezaji dhaifu, ingawa njia hiyo imgharimu mpigo mmoja au sehemu ya mpigo. Nyingine inasema watu wasipoteze muda wakitafuta mipira iliyopotea, na nyingine kwamba hata anayeanza kujifunza aweze kufurahia mzunguko wake huku idadi ya mipigo ikipanda. Kanuni hizo alizitumia pamoja na mwanagofu Bobby Jones walipojenga Augusta kwenye ardhi ya kilichokuwa kitalu cha miti ya matunda. Njia za nyasi zilikuwa pana sana, bunka za mchanga zilikuwa chache, na nyasi ndefu za pembeni hazikuwepo kabisa. Wanachama wa kawaida waliweza kuzunguka bila mateso. Bingwa aliyetaka alama nzuri alilazimika kuuweka mpira upande sahihi wa upana ule, la sivyo pigo la pili lilimgeukia kuwa shubiri. MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi michache kabla ya mashindano ya kwanza ya hapo kuchezwa.

Linganisha sasa kanuni hizo na kilichofuata. Ugumu ulipendwa na waandaaji wa orodha kwa sababu unageuzwa kuwa namba kwa urahisi: urefu wa uwanja, wastani wa mipigo, tofauti kati ya kiwango kilichowekwa na alama zinazopatikana. Golf Digest yenyewe ilitambua udhaifu huo, na baada ya muda orodha yake ikawa ya viwanja 100 bora, ikizingatia pia ubunifu, kumbukumbu ambayo mashimo yanamwachia mchezaji na mandhari. Hata hivyo, uwezo wa uwanja kukataa alama nzuri uliendelea kuhesabiwa kwa miongo mingi kama fadhila inayojitegemea. Msomaji wa orodha hizo alifundishwa kimyakimya kwamba uwanja unaowaadhibu watu wengi zaidi ndio wenye heshima zaidi. Klabu nazo zilisoma orodha hizo, zikaongeza urefu, zikabana njia, zikapanda nafasi.

Mfano wa wazi wa namna kipimo kinavyogeuka kuwa lengo ni stimpmita. Edward Stimpson aliibuni baada ya US Open ya 1935 huko Oakmont, Pennsylvania, na chama cha gofu cha Marekani kikaiboresha na kuanza kuisambaza kwa watunza viwanja mwaka 1978. Ni ubao mwembamba wa alumini wenye urefu wa inchi 36, na mfereji katikati. Mpira hukalishwa kwenye pengo dogo karibu na ncha moja, ncha hiyo huinuliwa taratibu mpaka mpira uanze kushuka wenyewe, kisha umbali uliokwenda kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, hupimwa kwa futi. Mipira mitatu huteremshwa upande mmoja, mitatu upande wa pili, na wastani huchukuliwa. Lengo lilikuwa jema: kumsaidia mtunza uwanja ahakikishe kwamba grini ya 3 na ya 17 zina kasi ileile. Badala yake klabu zilianza kushindana nani ana namba kubwa. Kasi ya futi 12, ambayo zamani ilikuwa ajabu, ikawa jambo la kawaida kwenye mashindano makubwa. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu kwenye kasi hiyo mpira hautulii juu ya mteremko mkali. Grini za zamani zenye mawimbi hulazimika kusawazishwa, na pamoja na mawimbi hayo huondoka sababu ya kuchagua upande wa kukaribia shimo.

Televisheni ya rangi nayo ilifanya kazi yake. Watazamaji walioiona Augusta ya mwezi Aprili, iking'aa kwa maua na nyasi zisizo na doa, walirudi kwenye klabu zao wakidai kijani hicho mwaka mzima. Maji yakamwagwa kwa wingi, ardhi ikawa laini, na mpira uliozoea kudunda na kuviringika ukabaki pale ulipotua. Miti ilipandwa kwa maelfu ili uwanja ufanane na bustani. Huko Oakmont, uwanja uliozinduliwa mwaka 1904 kwenye mashamba ya wazi, ilipandwa mingi katikati ya karne iliyopita, na kuanzia miaka ya 1990 klabu hiyohiyo ikaanza kuikata kwa maelfu. Kivuli kilidhoofisha nyasi na matawi yakafunga njia. Miti ilipoondoka, macho yakaona tena uwanja wote, na mchezaji aliyekosea akapata tena nafasi ya kujaribu pigo la ujasiri badala ya kurudisha mpira njiani tu. Viwanja vingine vya zamani vimefuata mkondo huo, na uwanja wa Oakmont haujapoteza hadhi yake hata kidogo.

Muirfield Village ulizaliwa ndani ya zama hizi. Nicklaus aliusanifu pamoja na Desmond Muirhead kwenye mabonde yenye miti na vijito, akiwafikiria watazamaji tangu mwanzo, ndiyo maana miteremko mingi imekaa kama majukwaa ya kutazamia. Shimo la 12, linalochezwa kuvuka maji, linakumbusha moja kwa moja la 12 la Augusta. Mashindano ya Memorial yalianza hapo mwaka 1976. Mwaka 1987 timu ya Ulaya iliifunga Marekani 15 kwa 13 katika Ryder Cup, ikiwa ni mara ya kwanza kwa Wamarekani kushindwa nyumbani, na nahodha wao alikuwa Nicklaus mwenyewe. Baadaye yalichezwa hapo mashindano mengine ya timu, Solheim Cup ya 1998 na Presidents Cup ya 2013. Kama umaarufu ungekuwa ushahidi, shauri lingefungwa hapo. Lakini mashindano huja uwanjani kwa sababu nyingi, zikiwemo barabara, fedha na jina la mwenyeji, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana mtu anaposimama na mpira miguuni.

Ushahidi ninaouamini umo kwenye shimo la 14. Ni shimo la mipigo minne lenye takriban yadi 360, fupi sana kwa wataalamu wa leo. Kijito kinakatiza njia, kisha kinaendelea kwa upande wa kulia hadi ubavuni mwa grini. Grini yenyewe ni nyembamba na ndefu, imeinama kuelekea majini, na kushoto kwake kuna bunka. Mchezaji anaweza kutumia fimbo ndogo, asimame kabla ya kijito, kisha apige pigo la pili lililopimwa kwa uangalifu. Anayekimbilia usalama wa kushoto atajikuta akipiga kutoka mchangani kwenye mteremko unaokwenda majini. Anayethubutu kuishambulia grini kwa pigo la kwanza hujiwekea hatari pande zote mbili. Nguvu peke yake hainunui kitu hapa, na mchezaji wa kawaida anaweza kulicheza shimo lote kwa mapigo mafupi anayoyamudu. Hili ndilo MacKenzie alilolitaka, na halikuhitaji yadi 500.

Kwa kipimo hichohicho, uwanja huu una sehemu dhaifu. Shimo la 16 lilitengenezwa upya na kuwekewa ziwa kabla ya Presidents Cup ya 2013. Sasa mashimo ya 12 na 16, yote ya mipigo mitatu, yanauliza karibu swali moja: je, unaweza kuepuka maji au huwezi? Swali hilo hutisha na hupendeza kwenye televisheni, lakini majibu yake ni machache. Ukarabati mkubwa wa 2020, ulioanza siku ya mwisho ya Memorial huku wachezaji wa mwisho wakiwa bado uwanjani, ulijenga upya grini zote na kuufikisha uwanja zaidi ya yadi 7,500. Nicklaus alikuwa na sababu, kwani mipira na fimbo za kisasa zimeyafupisha mashimo ya zamani. Ila urefu hurudisha changamoto kwa watu wachache tu, na kwa wengine wote hauongezi uamuzi wowote.

Wapo watakaosema kwamba uwanja wa hadhi hii umejengwa kuwapima mabingwa, hivyo si haki kuupima kwa mahitaji ya mchezaji wa Jumamosi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini historia ya uwanja wenyewe inalijibu. Tiger Woods, aliyepiga mbali kuliko karibu wote wa wakati wake, ameshinda Memorial mara tano. Jim Furyk, ambaye kamwe hakujulikana kwa kupiga mbali, alishinda mwaka 2002. Uwanja uliowapa nafasi watu wawili tofauti kiasi hicho umewapima mabingwa vizuri zaidi kuliko ule ambao ungemchagua mwenye nguvu kila mwaka. Kipimo cha njia nyingi kinamfaa bingwa kama kinavyomfaa mwanagenzi, kwa kuwa kinachopimwa ni akili pamoja na mkono.

Wengine watasema ubora ni suala la ladha, na kila mtu na lake. Uzuri wa maua ni ladha, nakubali. Lakini kama shimo lina njia mbili za kweli au moja tu, hilo linaweza kukaguliwa: tazama wachezaji 50 wakipita, uone mipira yao inatua wapi na kwa nini. Utunzaji wa nyasi nao una nafasi yake. Ardhi imara humruhusu mchezaji kuviringisha mpira, nayo ni sifa ya mchezo. Kijani kilichonunuliwa kwa maji mengi huondoa chaguo hilo, na kuhesabu gharama hiyo kama alama ya ubora ni kosa.

Jambo hili linatugusa Afrika Mashariki pia. Nyasi za kikuyu, zenye asili katika nyanda za juu za eneo letu, leo zimefunika njia za Riviera jijini Los Angeles, mojawapo ya viwanja vinavyoheshimiwa zaidi Marekani. Nairobi ina gofu tangu mwaka 1906, na Klabu ya Karen, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwenye ardhi iliyowahi kuwa shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen, ilikuwa mwenyeji wa Kenya Open ilipoingia kwenye ziara ya Ulaya mwaka 2019. Presha ya kushindana na Augusta kwa kijani, au na Ohio kwa urefu, itakuja na heshima hiyo. Klabu zetu zina haki ya kuikataa. Nyasi zetu hushika mpira na kuufanya usiviringike ovyo, mwinuko wa Nairobi huurusha mbali, na hali hizo mbili zinatosha kuzaa maamuzi magumu iwapo msanifu ataacha upana wa kutosha na kuziweka grini zake kwa akili. Uwanja unaofanya hivyo utakuwa bora hata kama hakuna orodha inayoutaja, na usiofanya hivyo hautaokolewa na nafasi yoyote utakayopewa.