Amri ya Nane na Santuri za Roki

Katika mafundisho ya Kipaimara kila mmoja wetu alijifunza Amri ya Nane pamoja na maana yake. Tulifundishwa kwamba haitoshi kujizuia tusimsingizie jirani. Maelezo ya Martin Luther katika Katekisimo Ndogo yanatutaka twende mbele zaidi: tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio mwema. Tumezoea kuitumia amri hii tunapokemea umbeya na mashahidi wa uongo mahakamani. Katika insha hii tunataka kuipeleka mahali ambapo haifiki mara nyingi, yaani kwenye muziki wa roki.

Jambo lenyewe si dogo. Ziko nyumba katika sharika zetu ambamo mzazi na mtoto hawaelewani kwa sababu ya gitaa. Wako vijana walioambiwa kwamba muziki wote wa namna hiyo umetoka kuzimu, nao wakachagua kukaa kimya, kisha wakachagua kukaa mbali na kanisa. Mara nyingi aliyetoa hukumu hakuwahi kuisikiliza hata santuri moja mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya kila santuri kuna mtu, na mtu huyo ni jirani. Kwa hiyo tunawaleta mbele yenu majirani watatu. Wote walihukumiwa kabla ya kusikilizwa, na wote waliacha albamu zinazofaa kusikilizwa hata leo.

Wa kwanza ni mwanamke. Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, katika jimbo la Arkansas, Marekani. Mama yake alikuwa mhubiri na mwimbaji katika kanisa la Kipentekoste la watu weusi liitwalo Church of God in Christ. Mtoto Rosetta alianza kupiga gitaa kanisani akiwa bado mdogo sana, akisafiri na mama yake kutoka mkutano mmoja wa injili hadi mwingine. Mwaka 1938 alirekodi nyimbo zake za kwanza katika kampuni ya Decca, na mwaka huohuo akaanza kuimba katika kumbi za starehe za New York. Waumini wengi walikasirika. Waliuliza itakuwaje nyimbo za Bwana ziimbwe mahali ambapo watu wanakunywa pombe. Swali lao lilikuwa la haki, na hatulidharau.

Lakini tusikilize pia alichokuwa akikifanya. Alilichukua gitaa la umeme, akalipiga kwa nguvu na wepesi ambao watu hawakuwa wameuzoea, na juu ya mlio huo akaimba habari za Mungu. Wimbo wake mmoja wa injili, aliourekodi mwaka 1944, unatajwa na wanahistoria wengi miongoni mwa vyanzo vya muziki wa roki. Little Richard, Johnny Cash na wengine waliokuja baadaye walikiri kwamba walijifunza kwake. Basi anayesema kwamba roki haina uhusiano wowote na kanisa hajui ilikolelewa. Sehemu ya mizizi yake imo katika viti vya mbao vya makanisa ya watu maskini wa kusini mwa Marekani.

Rosetta alifariki mwaka 1973 huko Philadelphia. Kwa miaka zaidi ya thelathini kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa baada ya watu waliompenda kuchangishana fedha, na mwaka 2018 akaingizwa katika orodha ya heshima ya waasisi wa roki huko Cleveland. Anayetaka kumsikia aanze na albamu iitwayo Gospel Train ya mwaka 1956.

Jirani wa pili ni Larry Norman, aliyezaliwa Texas mwaka 1947 na kukulia California. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani walikuwa wameyakimbia makanisa. Walivaa nguo za ajabu na kufuga nywele ndefu, na wengine walizama katika madawa ya kulevya. Miongoni mwao likatokea vuguvugu la kumrudia Yesu, na Norman alikuwa mmoja wa sauti zake. Albamu yake Upon This Rock ya mwaka 1969 huhesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya roki ya Kikristo. Iliyo bora zaidi ni Only Visiting This Planet ya mwaka 1972, aliyoirekodi London.

Huyu naye alikataliwa, tena na pande mbili. Wafanyabiashara wa muziki waliona anamtaja Yesu mno, na kwa watu wengi wa kanisa nywele zake zilikuwa ndefu mno na gitaa lake lilikuwa na kelele mno. Yako maduka ya vitabu vya Kikristo yaliyokataa kuuza kazi yake. Lakini aliyeisikiliza albamu ile ya 1972 alikutana na mtu anayesema kweli. Aliimba juu ya ubaguzi wa rangi katika nchi yake, na juu ya taifa lililotumia mali nyingi kumfikisha mtu mwezini huku wengine duniani wakifa njaa. Manabii wa Agano la Kale wangeyaelewa maneno hayo. Norman alifariki mwaka 2008. Miaka michache baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hiyo katika hazina ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Jirani wa tatu yuko karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Tunduma tu. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 chini ya Kenneth Kaunda, mtoto wa mchungaji, ambaye mwenyewe alipiga gitaa na kuimba tenzi. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na miji ya migodi kama Kitwe na Chingola ilijaa vijana wenye mishahara, redio na santuri kutoka Uingereza na Marekani. Serikali ikaagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia wenyewe. Vijana wakaitikia kwa namna yao. Waliunganisha gitaa zito la roki na midundo ya nyumbani, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Muziki huo ukaitwa Zamrock.

Bendi iliyojulikana kuliko zote ilijiita WITCH, yaani Mchawi. Wenyewe walilifafanua jina hilo kwa herufi zake, kwamba ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao alikuwa Emanyeo Chanda, aliyepewa jina la utani Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Tunajua wengi wenu mkisoma jina la bendi mtataka kufunga kitabu. Kwetu uchawi si neno la mchezo. Limevunja koo na kuua vikongwe wasio na hatia. Hata hivyo tumeomba Amri ya Nane ituongoze, basi na tusogee mbele kidogo.

Santuri zao ni kazi za vijana wanaojaribu kujua wao ni nani katika nchi mpya. Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ni mfano mzuri, nayo ina magitaa yanayonguruma na sauti ya kijana ambayo mara inacheka, mara inahuzunika. Mwaka huohuo bendi nyingine, Amanaz, ilitoa albamu yake pekee iliyoitwa Africa, yenye nyimbo za taratibu zaidi na majonzi mengi. Hiyo ndiyo miaka ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inakamilika, na wazee wetu wengi walifanya kazi humo bega kwa bega na Wazambia bila kujua kwamba upande wa pili wa reli ulikuwa ukiimba hivi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Vita vya ukombozi katika nchi jirani vikaleta hofu, na amri za kutotoka nje usiku zikafanya bendi zipige muziki mchana. Fedha za kununua santuri zikatoweka. Miaka ya 1980 ukaja UKIMWI. Wanamuziki wa kizazi kile wakazikwa mmoja baada ya mwingine, na katika safu ya kwanza ya WITCH alibaki hai Jagari peke yake. Sisi tuliozika watu wa miaka ile katika sharika zetu tunajua maana ya sentensi hiyo.

Jagari mwenyewe alikuwa ameiacha bendi na kwenda kuwa mwalimu. Baadaye alimpokea Kristo, akaishi maisha ya mtu wa kawaida, akichimba vito ardhini ili apate riziki. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 santuri za zamani zilitolewa upya Marekani, na watu wa nchi za mbali wakaanza kumtafuta. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2019. Mwaka 2023, akiwa na zaidi ya miaka sabini, alitoa albamu mpya iitwayo Zango pamoja na vijana kutoka Ulaya na Zambia. Mtu aliyeokoka anaimba tena katika bendi yenye jina lilelile. Wengine watasema amerudi nyuma. Sisi tunaona mzee anayewaimbia wenzake waliokufa, ambao bila yeye wasingekumbukwa na mtu.

Hapa inafaa kusema neno juu ya utetezi pia, kwa maana uongo unaweza kusemwa hata na mwenye nia njema. Mara nyingi wanaotetea muziki mpya kanisani husema kwamba Luther alichukua nyimbo za walevi kutoka baa akazitia maneno ya Mungu. Historia haithibitishi hivyo. Nyimbo zake nyingi zilitokana na nyimbo za zamani za kanisa, au alizitunga mwenyewe. Wimbo mmoja wa Krismasi aliutoa mwaka 1535 kwa sauti ya wimbo wa mtaani, na miaka minne baadaye akautungia sauti mpya. Luther aliupenda muziki akauweka karibu kabisa na teolojia, lakini alikuwa na uangalifu. Roki haihitaji utetezi wa uongo, kama isivyostahili mashtaka ya uongo.

Kutafsiri kwa wema hakuna maana ya kufumba macho. Ziko santuri za roki zinazosifu ulevi, zinazomdhalilisha mwanamke, na zinazocheza na giza. Anayezisikiliza na kusema hivyo waziwazi anasema kweli, na kijana atamheshimu kwa sababu amesikiliza. Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka mji, akazitazama madhabahu zao kwa makini, ndipo akasimama kuhubiri, tena akitumia maneno ya washairi wao. Angeweza kuhubiri bila kutazama. Lakini angekuwa anawahubiria watu aliowabuni kichwani mwake.

Kwa hiyo tunawasihi, wazazi, wazee wa kanisa na walimu wa vijana: kabla ya kutoa hukumu, mwombeni kijana awape santuri moja anayoipenda. Isikilizeni yote mkiwa pamoja naye, bila simu mkononi. Muulizeni aliyeimba ni nani, alizaliwa wapi, alikuwa akililia nini. Kisha semeni mnachokiona, chema na kibaya, kwa kweli na kwa upole. Kama hamjui pa kuanzia, anzeni na Rosetta. Sauti yake mtaitambua, maana aliipata kanisani.