Kitanda cha Mpakani: Historia ya Malazi ya Tororo na Busia

Mwanafunzi mmoja wa lugha yetu aliniandikia akiuliza swali ambalo kwa mara ya kwanza nililiona jepesi. Anataka kujipa siku mbili tatu za starehe huku mpakani mwa Uganda na Kenya. Je, achague hoteli ipi ndogo, ya kifahari na yenye haiba, Tororo au Busia? Nilikusudia kumjibu kwa sentensi moja. Kalamu ilipoanza kwenda, nikaona kwamba jibu la haki linahitaji historia ya zaidi ya miaka mia moja, kwa kuwa katika miji hii swali la nani alale wapi halijawahi kuwa jambo la mapazia na mito tu.

Tuanze na maneno yenyewe, msomaji wangu, maana wewe ni mwanafunzi wa lugha. Haiba ni mvuto wa mtu unaotokana na tabia na mwenendo wake, wala si uzuri wa sura peke yake. Tunapolihamishia neno hili kwenye jengo, tunadai kwamba jengo nalo lina tabia, na tabia haipatikani ila kwa kuishi. Kinyago kilichonunuliwa mwezi uliopita na kusimamishwa mlangoni ni pambo. Kuhusu neno hoteli, jihadhari. Ukimwambia mwendesha boda wa Busia akupeleke hotelini, huenda akakushusha penye chai, chapati na maharagwe, nawe ukabaki umesimama na begi lako. Kwa watu wengi hoteli ni mahali pa kula. Mahali pa kulala Watanzania hupaita gesti, na Wakenya wengi lojingi. Mimi nitatumia hoteli kwa maana ya vitabuni, lakini ukifika huku sema wazi kwamba unatafuta pa kulala.

Wageni wa kwanza wa mbali waliolala katika nchi hii kwa wingi walikuwa watu wa misafara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani walikata nchi ya Wamasai na kufika katika makao ya watawala wa Wanga, mahali ambapo baadaye paliitwa Kwa Mumia kutokana na Nabongo Mumia, na leo ni Mumias. Hapo walipumzika, wakanunua chakula, kisha wakaelekea Busoga na Buganda. Askofu James Hannington alipita njia hiyo mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga mwezi Oktoba. Malazi ya msafara yalikuwa hema kwa wakuu, na kwa wapagazi mkeka, moto na ua wa miiba. Tazama basi: hata kabla hapajawa na mpaka, palikuwa na wanaolala ndani na wanaolala nje.

Mpaka wenyewe ulichelewa kufika. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo Waingereza waliikata na kuiunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Waiteso na Wasamia wakajikuta wana ndugu ng'ambo, bila ya mtu yeyote kuhama nyumba. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe iliyotoka Mombasa, ambayo kipande chake cha pili kilianza kujengwa na Kapteni Sclater mwaka 1895, ilikuwa imekwisha kufika upande wa Busia. Hata hivyo msafiri mwenye fedha hakuwa na sababu ya kulala huku. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, yeye alishuka garimoshi, akapanda meli, akavuka ziwa hadi Uganda. Sisi tulibaki pembeni.

Kilichobadilisha mambo ni reli mpya iliyopita Nakuru na Eldoret, ikaingia Uganda kwa Malaba na Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda ya reli, kwani tawi jingine lilipanda kaskazini kupitia Mbale hadi Soroti. Pamoja na reli wakaja makarani, mafundi, wenye maduka kutoka Bara Hindi na, katika miaka ya 1950, kiwanda cha saruji. Mji wa namna hiyo huhitaji vitanda. Lakini ndani ya garimoshi lenyewe Mwafrika alikaa daraja la tatu. Nyumba za mapumziko za serikali zilijengwa kwa ajili ya maofisa waliokuwa ziarani, na aliyembebea ofisa mizigo hakupewa chumba humo. Ng'ambo ya mpaka, mwanamume Mwafrika alibeba kipande, yaani cheti cha kazi kilicholazimishwa nchini Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1910, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kwa hiyo unapoona tangazo la hoteli linalokualika kuonja fahari ya enzi ya ukoloni, uliza kwa upole: fahari ya nani? Sisemi usiende. Nasema uulize kabla ya kulipa.

Sasa nifike kwenye nyumba ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii. Tororo ina mwamba. Msomaji ambaye hajaufika afikirie mji wa tambarare, kisha katikati yake jiwe moja kubwa linachomoza kama ngumi, mabaki ya volkano ya kale, kilele chake kikiwa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Karibu na uwanja wa gofu, mahali ambapo jiwe hilo huonekana vizuri, kuna hoteli iliyochukua jina lake: Rock Hotel, ambayo leo inaitwa Rock Classic. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, hoteli hiyo ilikuwa mojawapo ya hoteli za kampuni ya serikali iliyoitwa Uganda Hotels. Kabale palikuwa na White Horse Inn, Mbale palikuwa na Mount Elgon, Gulu palikuwa na Acholi Inn, Arua palikuwa na White Rhino. Karibu kila mji mkuu wa wilaya ulikuwa na hoteli yake, na wazo lililokuwa nyuma yake si dogo hata kidogo. Taifa changa lilikuwa likisema kwamba mwalimu, daktari au mkulima mwenye nauli aweze kusafiri ndani ya nchi yake na kupata shuka safi, meza yenye kitambaa na mhudumu anayemwita bwana au bibi. Mlango uliokuwa wa ofisa mmoja ukafunguliwa kwa raia.

Najua wapo wanaocheka hoteli za serikali. Watasema mabomba yalikauka na vitasa vikalegea, nao hawakosei: miaka ya 1970 na 1980 iliziumiza hoteli hizo kama ilivyoiumiza nchi nzima. Lakini sipendi kicheko hicho kinapomeza lile wazo. Baada ya sheria ya mwaka 1993 ya kurekebisha mashirika ya umma, hoteli hizo ziliuzwa kwa watu binafsi moja baada ya nyingine. Mabomba yakatengenezwa, bei zikapanda. Raia akawa mteja. Hilo ni badiliko la uraia, si la biashara peke yake, na ukiketi barazani jioni ukitazama jiwe likigeuka rangi, unakaa juu ya historia hiyo yote kwa bei ya chumba kimoja.

Tororo ina haiba ya namna nyingine pia, nayo inauma zaidi. Katika barabara za katikati ya mji utaona maduka ya zamani yenye baraza pana na nguzo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na wakapewa siku 90. Nyumba na maduka yao yaligawiwa watu wengine au yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali iliyoachwa, na madai ya kurudishiwa mali yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Jengo kama hilo likigeuzwa siku moja kuwa hoteli ndogo ya kifahari, lenye sakafu ya zamani na milango mizito ya mbao, mgeni ataliita zuri, na litakuwa zuri kweli. Mwenyeji mwema ataweza pia kumweleza mgeni nani aliitengeneza milango ile na aliondokaje. Ukimkuta mwenyeji wa aina hiyo, rudi kwake tena.

Na Busia je? Hapa sitakupamba. Busia haikujengwa kwa starehe. Ilijengwa kwa kungoja. Ni miji miwili yenye jina moja, mmoja kila upande wa mpaka, na kwa miaka mingi kati ya ofisi za nchi mbili kulikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alilazimika kukivuka na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli waliwapakia wasafiri nyuma, wakiita kwa Kiingereza cha kwao, boda, boda! Ndipo lilipozaliwa neno ambalo leo linajulikana kutoka Kigali hadi Mombasa. Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipovunjika, bidhaa zilivuka mpaka usiku, na neno la Kiswahili magendo likawa jina la maisha yenyewe. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 na bei ya kahawa duniani ikaruka, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magunia chini ya Mlima Elgon, na soko la Chepkube upande wa Kenya likawa maarufu. Katikati ya hayo, Februari 1976, Amin alidai kwamba nchi ile iliyokatwa mwaka 1902 ilikuwa mali ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Watu waliolala Busia miaka hiyo walikuwa madereva wa malori, matingo wao, na wanawake wafanyabiashara wa samaki, nguo na nafaka waliofika jioni wakakuta mpaka umefungwa. Malazi yao yalifuata mahitaji yao: vyumba vidogo vinavyotazama ua, geti imara, nafasi ya kuegesha gari, maji ya moto kwenye ndoo, mlinzi asiyelala. Nani atasema malazi hayo hayana haiba? Yanayo, tena ya kweli, ingawa si ya kifahari.

Kisha kungoja kwenyewe kukaanza kupungua. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja katika jengo moja, badala ya kupanga foleni kila upande. Dereva anayevuka mapema hahitaji kitanda. Fikiria basi hali ya mwenye lojingi: kile ambacho sisi raia tulikililia kwa miaka, yaani mpaka mwepesi, kinampunguzia wateja. Ndiyo maana anapaka rangi upya, anapanda maua uani, anaweka ukumbi wa mikutano kwa ajili ya semina, hasa tangu Busia ya Kenya ilipokuwa makao ya serikali ya kaunti mwaka 2013, na anaanza kutumia neno haiba kwenye bango lake. Usimcheke. Anajifunza lugha mpya kama wewe.

Kwa mwanafunzi aliyeniuliza, basi, jibu langu ni hili. Lala Tororo usiku wa kwanza, na uombe chumba kinachotazama jiwe. Usikubali kinachotazama maegesho. Usiku wa pili uende Busia, katika nyumba ndogo yenye ua, ambayo mwenyewe huketi mapokezi. Kabla ya kukubali bei uliza ni shilingi ya nchi gani, kwa kuwa moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya ishirini za Uganda, na huku mpakani watu hutaja namba bila kutaja nchi. Muulize mwenyewe nyumba ilijengwa kwa ajili ya nani. Msikilize mhudumu pia, kwa sababu Kiswahili chake kitakuwa na Kisamia, Kiteso na Kiganda ndani yake, na ukikisahihisha utapoteza somo zuri kuliko yote niliyokupa.

Asubuhi ya Tororo panda jiwe mapema, kabla ya jua kali. Vaa viatu vya raba, maana kuna ngazi za chuma. Ukifika juu, na mbingu zikiwa safi, utaona Mlima Elgon upande wa kaskazini na nchi ya Kenya upande wa mashariki. Tafuta mstari wa mpaka kwa macho yako. Kisha shuka upesi, kwani chai ya asubuhi huondolewa mezani saa nne.