Mshipi wa Kipupwe: Uvuvi wa Changu katika Historia ya Pwani Yetu

Historia ya pwani yetu imezoea kusimuliwa kwa majahazi. Twasoma habari za vyombo vilivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, za dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa, za pembe na vitambaa na sarafu. Na wanafunzi wetu hutoka darasani wakidhani kwamba bahari ilikuwa njia tu ya kwendea mbali. Lakini majahazi yalipokuwa yakingojea upepo, watu wa miji hiyo walikula nini? Jibu la swali hilo halimo katika daftari za wafanyabiashara. Limo katika ngalawa, chombo cha watu wawili au watatu, na katika mshipi unaoteremshwa juu ya mwamba.

Ushahidi wa kale upo, ijapokuwa ni mchache. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinakitaja kisiwa kimoja cha pwani hii, ambacho wataalamu wamekidhania kuwa Unguja, Pemba au Mafia. Kinasema kwamba huko palikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba wenyeji walinasa samaki kwa vikapu walivyovitega penye milango ya maji. Msomaji yeyote wa pwani atalitambua dema katika maneno hayo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa chakula kikubwa cha watu wa huko ni ndizi na samaki. Ushahidi ulio mzito zaidi umetoka ardhini. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, na wengine waliochimba Pemba baadaye, wamekuta mifupa mingi ya samaki wa miambani, na ukoo wa changu ni mmoja wa zile zinazojitokeza mno. Basi changu alikwisha kuwa kitoweo cha pwani kabla misikiti mikubwa ya mawe haijajengwa.

Hapa yafaa tueleze jina. Wataalamu wa elimu ya viumbe humweka changu katika ukoo mmoja, na tembo, janja na kungu katika ukoo mwingine. Mvuvi hakatai kuwa ni samaki mbalimbali, kwani amewapa majina mbalimbali. Ila huwakuta kwenye mwamba ule ule na kuwavua kwa ndoana ile ile. Wote ni samaki wa chini, na wengi wao hula usiku. Mtu wa sokoni naye huwaita changu wengi wao bila kujali sana, na hatuoni sababu ya kumlaumu.

Kusi huanza kuvuma kwa nguvu katikati ya mwaka. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, majira tunayoyaita kipupwe, maji ya bahari ambayo mwezi Machi hufikia digrii 29 hushuka hadi karibu digrii 25. Upande wa nje ya miamba, mawimbi yanayotoka bahari kuu huwa makubwa, na mkondo wa maji unaokwenda kaskazini huzidi kasi. Chombo kidogo hakina kazi huko. Ndipo wavuvi wa ngalawa wanaporudi ndani, katika milango ya maji iliyokingwa na visiwa, kama ule ulio baina ya Unguja na bara, au ule wa Mafia, wakatafuta vichwa vya miamba vilivyo ndani ya kinga hiyo. Twaweza kusema kuwa uvuvi wa changu kwa mshipi wakati wa kipupwe ulizaliwa na dhiki. Pale ambapo jodari na nguru hawafikiki, changu yupo.

Ngalawa yenyewe ina habari yake. Matengo yake ya pande mbili, yanayoizuia isipinduke, wanahistoria wengi huyahusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia waliofika Madagaska na Komoro zamani za kale. Wako wanaoona haya kulikubali jambo hili, kana kwamba kuazima ni kushindwa. Sisi hatuoni hivyo. Gogo ni la mwembe wetu, tanga limekatwa kwa kipimo cha upepo wetu, na fundi aliyelichonga hakufundishwa na mgeni.

Lakini elimu kubwa zaidi haikuwa katika chombo, bali katika hesabu ya siku. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355, na kwa hiyo Ramadhani huweza kuangukia katika kusi, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia katika kaskazi. Hesabu hiyo haimwambii mvuvi lini upepo utageuka. Kwa ajili ya upepo alitumia mwaka wa Nairuzi, ambao ni wa jua, wenye siku 365, na ambao watu wa Makunduchi wangali wakiuadhimisha kila mwezi wa Julai katika Mwaka Kogwa. Siku za mwaka huo huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi: miongo 36, na siku 5 za ziada. Kwa kuwa hauongezi siku katika mwaka mrefu, huachana na majira kwa siku moja kila miaka minne, na wazee waliojua walirekebisha. Hata hivyo mwezi haukuachwa. Ndio uliomwonyesha mvuvi bamvua na maji mafu. Na mwenye mshipi hupenda maji mafu, maana katika bamvua maji hukimbia hata chubwi haligusi mwamba. Kwa hiyo mtu ambaye huenda hakupata kuingia shule alichukua kichwani kalenda mbili kwa wakati mmoja, moja ya upepo na moja ya maji, akazilinganisha kabla ya kukata shauri la kutweka tanga.

Akisha kutweka, alikitafuta kichwa cha mwamba kwa alama za nchi kavu: mbuyu ukae sawa na mnara wa msikiti, na huku mnazi mrefu ukutane na ncha ya rasi. Mistari miwili ikikatana, nanga hutupwa. Ngisi au pweza hukatwa vipande vya chambo, na mshipi huachwa uende hadi chubwi liguse, kisha huinuliwa kidogo. Mkono ndio unaosikia. Alama hizi baba alimpa mwanawe, na mara nyingi hakumpa mtu mwingine.

Mishipi ya nyuzi za mimea na pamba imeondoka. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani katika miaka ya 1930, imeshika mahali pake, na hilo halikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni baruti. Uvuvi wa baruti ulianza kuonekana katika maji yetu katika miaka ya 1960, ukapigwa marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya 1970, nao ukaendelea kwa miongo mingi. Mlipuko mmoja huvunja matumbawe yanayokua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, au pungufu ya hapo, huua wadogo pamoja na wakubwa, na wengi wa samaki waliokufa huzama bila kuokotwa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Na msako uliofanywa tangu 2016 hivi umeipunguza sana milipuko hiyo. Baadhi ya miamba sasa imepata kupumzika. Lakini njia ya kuifikia kwa mbuyu na mnara haikuandikwa katika ramani, na mahali pengi mnazi uliokuwa alama umekwisha kuanguka, na vijana wachache ndio walioonyeshwa ulisimama wapi.