Mtambue Mharibifu Kabla ya Kupuliza Dawa: Mwongozo wa Kulinda Bustani ya Mboga ya Familia

Bustani ndogo ya mchicha, nyanya au bamia huipatia kaya mboga bila gharama ya sokoni. Hata hivyo, mboga hizo huchumwa mara kwa mara na kuliwa siku hiyo hiyo, hivyo dawa iliyopulizwa bila utaratibu hufika haraka katika sahani za watoto. Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kumtambua kwanza mharibifu kwa alama anazoacha, ndipo wachague njia ya kumdhibiti.

Wadudu waharibifu

Mche uliokatwa usiku usawa wa ardhi ni dalili ya sota, kiwavi anayejificha udongoni mchana. Fukua udongo kuzunguka mche huo, umtoe na kumuua. Majani yaliyojikunja na kunata huashiria vidukari. Ondoa majani yaliyoathirika zaidi, kisha nyunyizia maji yenye sabuni kidogo upande wa chini wa majani yaliyosalia, wakati wa jioni.

Mabaka makavu kwenye majani ya nyanya, pamoja na matundu madogo kwenye matunda, huweza kuwa kazi ya kantangaze, nondo aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Viwavi wake hukaa ndani ya jani, na dawa nyingi za kupuliza haziwafikii kwa urahisi. Majani na matunda yaliyoshambuliwa yachumwe na kuteketezwa. Aidha, nyanya zisipandwe mfululizo mahali pamoja, wala kufuatana na viazi mviringo au biringanya.

Dawa inapohitajika, ushauri uombwe kwa afisa ugani wa kijiji au kata. Kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kinunuliwe katika chombo chake halisi chenye lebo. Lebo hueleza kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku hizo zisipunguzwe kwa kutegemea kuosha mboga, kwa kuwa baadhi ya viuatilifu hupenya ndani ya mmea.

Mifugo na wanyamapori

Kwa kuku na mbuzi, uzio wa matete, wavu au minyaa hutosha, iwapo hauna mianya. Panya hupungua nyasi zinapofyekwa na mabaki ya chakula kuondolewa. Chakula chenye sumu kisitegwe bustanini, kwani huweza kuokotwa na mtoto, kuku au paka.

Kwa wakazi wa maeneo yanayopakana na hifadhi, mgeni huweza kuwa ngedere, nguruwe pori, kiboko au tembo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inazuia matumizi ya sumu, mitego na mashimo dhidi ya wanyamapori bila kibali. Tembo na kiboko wasikaribiwe wala kufukuzwa na mtu mmoja. Taarifa itolewe mapema kwa uongozi wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Baadhi ya jamii hufunga kuzunguka mashamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au hutundika mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huepuka vyote viwili.

Mwananchi aliyeharibiwa mazao na wanyamapori wakali asiondoe mabaki kabla ya maafisa kufanya tathmini, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa maombi ya kifuta jasho chini ya Kanuni za mwaka 2011.