Lile Bakuli la Rangi Kabatini

Mwezi huu makabati ya vyombo yanafunguliwa. Yale mabakuli "ya wageni" ambayo mwaka mzima hayaguswi, sasa yanatolewa kwa futari: hili la tambi, lile la kaimati. Hebu litafute lile la kioo kizito, nje lina rangi, ndani jeupe. Lipindue. Ukiona limeandikwa Pyrex, basi umeshika historia mkononi.

Hadithi yake inaanzia mji wa Corning, jimbo la New York, Marekani. Kiwanda cha Corning Glass Works kilikuwa kimevumbua kioo kinachostahimili joto, kwa ajili ya taa za reli na mitungi ya betri. Mwaka 1913 mwanasayansi wa kiwanda hicho, Jesse Littleton, alimpelekea mkewe Bessie vitako vya mitungi hiyo vilivyokatwa. Mama huyo akaokea keki humo, na ikaiva vizuri tu! Mwaka 1915 vyombo vya Pyrex vikaanza kuuzwa.

Lakini vyombo hivyo vya mwanzo havikuwa na rangi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda kililitengenezea jeshi la Marekani vyombo vya kulia vya kioo cheupe, kigumu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kioo cha namna hiyo kikaingia majikoni kwa sura mpya: mabakuli manne yanayoingiana, la manjano ndilo kubwa, kisha la kijani, jekundu, na la buluu ndilo dogo. Rangi ilinyunyizwa upande wa nje peke yake.

Je, na sisi tunaingia wapi hapo? Mwaka 1921 kampuni ya James A. Jobling, ya mji wa Sunderland, Uingereza, ilipata kibali cha kutengeneza Pyrex kwa ajili ya dola yote ya Kiingereza isipokuwa Kanada. Kenya ilikuwa imefanywa koloni mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Basi ukikuta herufi JAJ chini ya bakuli, ni la huko Sunderland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2007, lakini mabakuli yake bado yapo.

Zamani kioo cha rangi kilikuwa kitu cha wenye nacho. Fundi alipuliza chombo kimoja kimoja, akatia kobalti apate buluu. Mashine ndiyo iliyoifikisha rangi kwenye meza ya mtu wa kawaida. Mama asiye na dhahabu naye akawa na kitu cha kung'aa mbele ya wageni wake.

Lakini ndugu zangu, uzuri una masharti yake. Rangi nyingi za enzi hizo zilichanganywa na madini ya risasi na kadimiamu, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hivyo usilisugue bakuli kwa steelwool. Likianza kubambuka rangi, au likiwa na maua yaliyochorwa upande wa ndani, usitilie chakula, sembuse achari au kitu chenye ndimu. Livue kazi, liweke kabatini liwe pambo. Chombo kikizeeka nacho kinastaafu, si ndiyo?

Na kabla hujalitupa au kumpa mnunuzi wa vyombo vikuukuu kwa bei ya sukari, muulize nyanya: ulilipata wapi? Nani alikuletea? Pengine ni zawadi ya harusi yake, pengine alilinunua kwa pesa za kuuza maandazi. Historia ya kiwanda utaipata vitabuni. Hii ya nyanya haijaandikwa popote, na anayeijua ni yeye peke yake. Muulize leo baada ya futari, na kalamu uwe nayo.