Kuhama Mtambo na Hatima ya Matini: Irabu za Ekegusii katika Historia ya Kompyuta

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wanaisimu wetu aghalabu huwaachia mafundi, yaani yale yanayozipata matini za lugha zetu zinapohamishwa kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine. Mfano tutakaoutumia ni wa Ekegusii, lugha ya Kibantu izungumzwayo katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, ambayo katika uainishaji wa Guthrie hutambulishwa kwa E42. Hoja yetu ni kwamba kuhama mtambo si adui wa matini. Matini hupotea pale ambapo maana ya alama zake imeachwa katika mapatano yasiyoandikwa baina ya mwandishi na mtambo mmoja. Aidha, tutaonyesha kwamba hasara ya namna hii haikuanza na kompyuta.

Irabu saba, herufi tano

Ekegusii ina irabu saba: i, e, ɛ, a, ɔ, o, u. Hata hivyo, maandishi ya kawaida, yaliyoenezwa na wamisionari tangu Wakatoliki wa Mill Hill walipofungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, hutumia herufi tano tu za irabu. Kwa hiyo omonto na eng'ombe huandikwa kwa o ile ile, ingawa katika mizizi ya maneno hayo mna sauti mbili mbalimbali. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuithibitisha tofauti hiyo kwa kutumia lugha yake mwenyewe. Palipo na u katika mtu, Ekegusii ina o iliyo nusu funge. Palipo na o katika ng'ombe, Ekegusii ina ɔ iliyo nusu wazi. Vivyo hivyo, i ya mwisho katika mti hulingana na e ya mwisho katika omote, ilhali e ya mwisho katika ng'ombe hulingana na ɛ. Tofauti ambayo Kiswahili huionyesha wazi kwa herufi, maandishi ya Ekegusii huificha.

Wagikuyu, wenye irabu saba pia, walichagua njia nyingine: waliziwekea irabu mbili alama ya juu, ndipo tukapata ĩ na ũ. Taasisi ya Kimataifa ya Afrika nayo, katika alfabeti iliyoipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920, ilizitia ɛ na ɔ. Katika Gusii mapendekezo hayo yalibaki mikononi mwa wataalamu, wala hayakuingia katika vitabu vya wasomaji wa kawaida.

Nambari moja, herufi tatu

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128 tu, nalo lilitungwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Kiswahili kilibahatika, kwa kuwa herufi zake zote, pamoja na kibainishi cha ng', zilipata nafasi humo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi kubwa ya wafasiri ilikuwa ya istilahi, si ya herufi. Lugha zenye alama za ziada hazikupata nafuu hiyo.

Tatizo lilizidi watengenezaji walipoongeza nafasi nyingine 128, kila mmoja kwa mpango wake. Herufi é ni nambari 130 katika jedwali la kompyuta za IBM za mwaka 1981, ni 142 katika jedwali la Macintosh, na ni 233 katika lile la Windows la nchi za Ulaya Magharibi. Mtu akipeleka nambari 142 kutoka Macintosh, na Windows ikaisoma kwa jedwali lake, haitaonyesha é bali Ž. Nambari haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jedwali la kuisomea. Kwa upande wa ĩ na ũ, majedwali hayo matatu hayakuwa nazo kabisa, na waandishi wengi wa Gĩkũyũ wakalazimika kutumia î na û badala yake.

Mkusanyo wa mwalimu mmoja

Jambo hili lilinifikia mwenyewe niliporudi nyumbani baada ya masomo ya uzamili ng'ambo. Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamira alinikabidhi matini za Ekegusii alizozikusanya katika miaka ya 1990: methali, majina ya koo na ya mimea, na masimulizi ya wazee. Alizipiga kwenye Macintosh. Kwa kuwa hakuwa na ɛ wala ɔ, aliandika é na ó, akaziacha e na o tupu ziwakilishe sauti zilizo nusu funge. Ulikuwa uamuzi wa kisayansi, nao ulitimiza kile ambacho maandishi ya kawaida hayakitimizi.

Nilipofungua faili hizo kwenye Windows, neno aliloliandika eng’ómbé lilitokea kama engÕ—mbŽ. Hata kibainishi kilikuwa kimegeuka, kwani kile kilichopinda ni nambari 213 katika Macintosh, na nambari hiyo katika Windows ni Õ. Wenzangu waliotazama waliona takataka. Kumbe hapakuwa na kilichopotea: kila Ž ilikuwa é, kila kistari kirefu kilikuwa ó. Ilitosha kuiamuru programu isome kwa jedwali la Macintosh, na matini ikarejea nzima.

Sehemu nyingine ya mkusanyo haikuwa na bahati hiyo. Mtu fulani, kwa nia njema, alikuwa amezihamisha faili kadhaa kwa programu iliyojua nafasi 128 za ASCII tu. Kila nambari iliyozidi hapo iliandikwa upya kuwa alama ya kuuliza. Eng’ómbé likawa eng??mb?. Alama ya kwanza ni kibainishi, ya pili ni ó, ya tatu ni é. Lakini ndani ya faili zote tatu zilikuwa nambari moja, 63. Faili za asili zilikuwa zimekwisha futwa.

Aina tatu za hasara

Kutokana na mfano huu yafaa tupambanue hali tatu ambazo kwa macho hufanana. Ya kwanza ni ya kinyago. Kabla ya Unicode kuenea, wanaisimu wengi walitumia fonti maalumu, ambamo herufi isiyohitajika katika lugha, tuseme q, huonekana kama ɛ. Fonti ikikosekana, q hujitokeza. Ya pili ni kusoma kwa jedwali lisilo lake, kama tulivyoona katika engÕ—mbŽ. Hali hizi mbili ni maradhi tu. Ajuaye fonti au jedwali la asili huziponya. Ya tatu ni kufuta tofauti, yaani alama mbili kufanywa moja. Hii ni mauti, kwa sababu hakuna fundi awezaye kuitoa ndani ya faili tofauti isiyokuwamo.

Tukikubali mpambanuo huu, basi hapana budi tukiri jambo zito zaidi. Kuandika o kwa sauti mbili, kama ilivyofanywa katika Gusii tangu mwanzo, ni hasara ya aina hii ya tatu. Haikutuumiza kwa sababu msomaji aliijua lugha, naye aliirudisha tofauti kwa sikio lake. Mtoto wa Kigusii aliyelelewa Minneapolis au Nairobi bila ya lugha ya wazazi wake hawezi kuirudisha.

Mafunzo ya Mombasa

Kiswahili chenyewe kimewahi kuhama namna hii, kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kilatini. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na wengi wa wakale wetu, hazikutenga e na i, wala o na u. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zisingaliweza kuhamishwa kwa kutazama karatasi peke yake. Zilihamishwa kwa sababu Mombasa alikuwapo Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya na kuzifafanua kwa mmisionari W. E. Taylor, na kutokana na kazi hiyo William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940. Palipo na alama moja kwa sauti mbili, daraja la uhamisho lilikuwa mtu ajuaye.

Sisi pia tulifanya hivyo. Tuliketi na mwalimu wetu, tukasoma kwa sauti kila neno lenye alama ya kuuliza. Maneno ya kawaida yalirudi upesi. Lakini tulipofika kwenye majina ya mimea ya dawa, aliyoyapata kwa mama mmoja mzee aliyekwisha fariki, alinyamaza. "Mwanangu," alisema, "hili sikulijua mimi. Niliandika alivyotamka." Majina kumi na moja hatukuweza kuyarudisha.

Hitimisho

Leo chombo kipo. Unicode, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, inaipa ɛ nambari 603 na ɔ nambari 596, nazo ni zile zile katika kila mtambo unaoufuata mpango huo. Lakini Unicode haituchagulii maandishi. Hata ng' yetu haijasalimika: programu moja huandika kibainishi kilichonyooka, nambari 39, nyingine kilichopinda, nambari 8217, na programu inayotafuta kwa nambari tupu, ikipewa ng'ombe wa kwanza, haimpati wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkusanyo uambatane na ufunguo ulioandikwa, ukieleza kila alama inawakilisha sauti gani na faili ilitengenezwa kwa mtambo na fonti gani. Pili, faili ya asili isifutwe hata baada ya kuhamishwa. Tatu, na hili ndilo la haraka, uhamisho ufanywe wakati wale waliotamka au waliosikia wangali hai. Mitambo itangoja, wao hawatangoja.

Katika nakala mpya ya mkusanyo wa Nyamira, majina yale kumi na moja tumeyaacha na alama zao za kuuliza. Tungaliweza kukisia e au o, na ukurasa ungalipendeza. Lakini mkisio ungalifanana na ushahidi, na msomaji wa baadaye asingalijua kuwa hapo pana kitu cha kutafuta.